Besi Ndogo Niliyomnyima Mzee Tluway

Siku lile kasha lilipofika Mogitu, mwanangu, naikumbuka vizuri kuliko siku niliyofunga ndoa. Ilikuwa Jumamosi ya masika. Lori lililolileta lilikwama chini ya kilima, ikabidi wanaume sita tulibebe mpaka mlango wa kanisa, matope yakitufika kwenye vifundo vya miguu. Ndani mlikuwa na matarumbeta yaliyokwisha kutumika, yametoka kwa Wakristo wenzetu wa Ulaya ambao hatukuwahi kuwaona, kila moja limeviringishwa kwenye blanketi. Tuliyafungua polepole, kama mtu anavyomfunua mtoto aliyelala.

Wakati ule bado tulihesabiwa Mkoa wa Arusha; jina la Manyara lilikuja baadaye. Ndiyo ilikuwa miaka ya soko huria. Wanunuzi wa mahindi na maharage walikuwa wanakuja wenyewe na malori yao mpaka shambani, na kwenye mnada wa Katesh mitumba ilikuwa inamwagwa chini juu ya maturubai, milima kwa milima. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Mimi nilikuwa fundi cherehani. Tangu mitumba ilipoingia, hakuna aliyeniletea kitambaa tena, isipokuwa sare za shule na suruali za kutiwa viraka. Nilikuwa nakaa barazani kutwa nzima, mguu uko juu ya pedali na pedali haiendi popote.

Sikuambii haya ili nijitetee. Nataka umjue mtu niliyekuwa. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, kazi yangu inanifia mikononi, na mahali pekee nilipoitwa kiongozi palikuwa kwenye bendi ya matarumbeta ya usharika wetu. Walikuwa wamenichagua kabla ya Pasaka. Nilikishikilia cheo kile kwa mikono miwili.

Besi yetu ilikuwa inapulizwa na Mzee Tluway. Besi ni lile tarumbeta kubwa kuliko yote, linalokaa mapajani mwa mpulizaji au kuning'inia begani kwa mkanda, mdomo wake mpana ukitazama juu. Wimbo mzima huegemea kwake. Watu hawaisikii sana ikiwepo, lakini isipokuwepo hata mtoto anajua kuna kitu kimepungua. Mzee Tluway alikuwa mkulima kama wengine, mtu mrefu, mpole, asiyeongea sana. Alijifunza besi akiwa kijana na akaipuliza mpaka nywele zikawa nyeupe. Hakuwahi kulipwa hata andazi. Alikuwa anapenda tu. Lakini miaka ile nyonga yake moja ilikuwa imeharibika, na besi kubwa ilikuwa na uzito wa kumfanya ainame upande mmoja kila tulipoandamana kwenda mazishini. Kwenye mistari mirefu ya wimbo pumzi ilikuwa inamwishia kabla ya neno la mwisho.

Sasa, katika lile kasha kulikuwa na besi ndogo. Sauti yake ilikuwa ya besi kabisa, ila umbo lake dogo, na uzito wake labda nusu ya ile yetu. Mzee Tluway aliiona kabla yangu. Aliitoa kwenye blanketi, akaifuta kwa pindo la koti lake, akaketi kwenye benchi la mbele akaiweka mapajani. Akapuliza sauti moja ndefu, kisha akapuliza mstari mzima wa wimbo, mpaka mwisho, bila kukata pumzi. Aliendelea kukaa nayo tu, mkono umeikumbatia.

Nilikwenda kumsalimia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Lazaro. Hii inanitosha. Pumzi yangu inafika nayo mpaka mwisho wa mstari. Nitaomba mniachie hii, na ile kubwa apewe kijana ajifunze."

"Tutaona, mzee," nikamjibu.

Ni maneno mawili tu, mwanangu. Ukishakuwa kiongozi wa kitu chochote, hata kama ni kamati ya kufagia kanisa, maneno hayo yanakuja mdomoni yenyewe, na aliyeyasikia anakwenda nyumbani akiamini kuwa kweli kuna mtu atakayeona.

Wiki ile ile akaja mwinjilisti wa Balangdalalu. Bendi yao ndiyo kwanza ilikuwa inaanza na hawakuwa na besi, ila walikuwa na tarumbeta mbili ndogo za sauti ya kwanza, mpya, zinang'aa kiasi cha kujitazama uso ndani yake. Na sisi, miezi miwili mbele, tulikuwa na mkutano wa bendi zote za matarumbeta pale Katesh. Nilizitazama zile tarumbeta mbili nikaona tayari tunavyoingia uwanjani, jua linazipiga, watu wanageuka. Nikambadilishia. Nilimpa besi ndogo, akanipa zile mbili, tukashikana mikono. Sikuitisha kikao wala sikumwuliza mtu yeyote. Moyoni nilijiambia kwamba besi kubwa ndiyo inayonguruma, na kama mzee imemshinda, atatafutwa mwenye kifua.

Alhamisi, siku ya mazoezi, Mzee Tluway alifika mapema. Alitazama kwenye kabati, akatazama nyuma ya madhabahu, kisha akaniuliza mbele ya wenzetu, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lazaro, ile ndogo iko wapi?"

Ningeweza kumshika mkono tukatoka nje nikamweleza. Lakini wote walikuwa wananitazama, na ndani nilikuwa najua nimekosa, na mtu anayejua amekosa huwa mkali. Nikasema, "Mzee, besi ni hii kubwa. Ile ilikuwa ya watoto. Kama hii imekushinda, sema, tutafute mwenye nguvu."

Vijana wawili watatu walicheka. Nilifurahi walipocheka. Hilo nalo lazima nikuambie.

Mzee Tluway alinitazama kidogo. Kisha akasema, "Haijanishinda," akaiendea ile kubwa, akaiinua.

Katesh tulikwenda, tarumbeta zikang'aa kama nilivyotaka. Mzee alipuliza akiwa amekaa, na kwa sababu nyimbo zilikuwa fupi, hakuna aliyeona kasoro. Tulisifiwa sana. Nilirudi Mogitu nikiwa na uhakika kwamba nimefanya la busara. Ningeomba hadithi iishie hapo, nami nife mjinga.

Mke wa Mzee Tluway, mama Naomi, alikuwa mgonjwa muda mrefu. Alikuwa mwenyeji wa Masieda, kule Mbulu, na alikuja Mogitu akiwa bibi harusi. Sote tulijua anaumwa. Mke wangu Anna alikuwa anampelekea uji. Kwenye masika yaliyofuata akafariki.

Kwetu, bendi hutangulia mbele ya jeneza kutoka kanisani mpaka nyumbani kwa marehemu, na makaburi yapo huko huko nyumbani. Kwa Mzee Tluway ni mwendo wa kupanda, karibu nusu saa kwa mtu mzima wa afya. Mfiwa hapulizi. Hakuna aliyetarajia apulize. Lakini ibada ilipokwisha alikuja mahali tulipopanga mstari, amevaa koti lake la Jumapili, akaniambia, "Leo nitapuliza mimi."

Nilimwambia apumzike. Akasema tena, maneno yale yale. Akauvaa mkanda begani, nikauona mwili wake ukiinama upande.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na njia ilikuwa utelezi mtupu. Nilikuwa natembea nyuma yake. Kila baada ya hatua kumi alikuwa anasimama, na msafara wote unasimama pamoja naye, jeneza likiwa mabegani mwa watu. Nilimwambia, "Mzee, nikupokee." Akatikisa kichwa. Tukaenda hivyo mpaka juu.

Kaburini hapakuwa na kiti, matope tu. Alisimama. Tukaanza wimbo aliouomba yeye, na ubeti wa kwanza aliupuliza wote, sijui kwa pumzi ya wapi. Ubeti wa pili ulikatika katikati, akaudaka tena, ukakatika tena. Ubeti wa tatu nikaona besi inashuka. Mkanda ulikuwa umeteleza begani na yeye anajaribu kuuzuia kwa mkono, na goti likampinda, akapiga magoti pale pale kwenye udongo uliochimbwa. Mdomo wa besi ukajichimbia ndani ya udongo wa kaburi la mkewe. Ukajaa.

Mimi ndiye niliyekuwa naongoza. Mkono wangu ndio bendi nzima ilikuwa inautazama. Nilipaswa kuushusha, wimbo usimame, twende tumwinue. Sikuushusha. Niliwaashiria waendelee, na waliendelea, ubeti wa nne na wa tano, zile tarumbeta mbili za Balangdalalu zikipiga juu kwa sauti nzuri, na chini hakuna kitu. Mzee Tluway alibaki amepiga magoti mpaka tulipomaliza. Binti yake ndiye aliyemwinua. Alitazama ule udongo ndani ya besi, akaanza kuutoa kwa vidole, taratibu, kana kwamba hakuna mtu mwingine pale.

Siku ya tatu nilikwenda kumpa pole. Nilimkuta nje amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Nikamwamkia, akaitika. Nikasema nimekuja kumwomba msamaha kwa ajili ya ile besi ndogo.

Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Alisema mkewe alijua hatapona tangu mwaka uliopita, akamwomba kitu kimoja tu, kwamba siku ya kuzikwa kwake apulize yeye mwenyewe, wimbo ule ule uliopigwa siku alipoletwa kutoka Masieda. "Nilijua ile kubwa siiwezi tena," akasema. "Ndiyo maana niliiomba ile. Sikutaka kusema sababu. Ningeisemaje, Lazaro, mwenyewe akiwa bado hai?"

Nilimwambia kesho yake nitakwenda Balangdalalu niirudishe.

Nilikwenda kwa lori la mnada, nimesimama na ng'ombe, na zile tarumbeta mbili nimezifunga kwenye kanga ya Anna. Nilifika mchana. Mwinjilisti hakuwapo, lakini nilisikia besi inapulizwa kanisani, nikaingia. Alikuwapo mzee mmoja wa jamii ya wafugaji, Mzee Gidamis, na mgongo wake ulikuwa umepinda kwa uzee. Amekaa na ile besi ndogo mapajani, anajifunza sauti za chini, moja moja, anarudia. Aliponiona alitabasamu kwa jino lake moja, akaniita niketi.

"Ni wewe uliyetuletea hii?" akaniuliza. "Walinipa kwanza ile ya kuazima shuleni, kubwa, ikanishinda. Nikasema basi, mimi nitakuwa wa kusikiliza tu. Hii ilipokuja, nikasema kumbe Mungu bado ananitaka."

Mwanangu, nilikaa naye saa nzima. Nilikunywa maziwa yake ya mgando. Zile tarumbeta sikuzifungua kwenye kanga. Ningemnyang'anya vipi mzee wa pili kitu nilichomnyang'anya wa kwanza? Nilirudi Mogitu na zile zile tarumbeta mbili, bila besi, na njia yote nilikuwa natafuta namna ya kulisema.

Mzee Tluway alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hukukosea kumwachia. Ulikosea kabla ya hapo."

"Nisamehe, mzee."

"Nimekusamehe. Lakini kusamehe hakunirudishii ile siku. Mazoezini usiniite tena."

Hakusema kwa hasira. Ningependa angekasirika. Tangu siku hiyo hakugusa tarumbeta. Jumapili alikuwa anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na bendi ikianza kupiga anatoka nje, anasimama upande wa nyuma wa kanisa mpaka tumalize, kisha anarudi kusikiliza mahubiri. Watu walidhani ni kifua. Baada ya miaka michache akafa, kimya kimya kama alivyoishi. Siku ya kumzika besi niliipuliza mimi. Hapakuwa na mwingine. Nilikuwa nimejifunza kwa ajili hiyo, nikijiadhibu, na niliipuliza vibaya.

Nilibaki na besi ile kubwa tangu hapo. Mkoa ukakatwa, tukawa Manyara, barua zikabadilishwa anwani. Watoto wangu wakakua wakaondoka. Kanisani kukaingia kinanda cha umeme na maspika, na vijana waliokuwa wanacheka siku ile wakawa wazee wa kanisa na kusema matarumbeta ni mambo ya zamani. Mimi niliendelea kuibeba. Mgongo ulianza kuuma nikanyamaza. Daktari alipoupiga picha akaniambia pingili zimesagika, niache kubeba mizigo. Anna akaniambia, "Tafuta ndogo, baba Neema. Siku hizi zinapatikana." Nikamjibu kwamba mimi sistahili ndogo.

Nilidhani hiyo ni toba. Anna alinitazama, akasema kitu ambacho sijakisahau: "Unambebea nani? Tluway hakuhitaji ulemae. Alihitaji umpe ile aliyoiomba." Ilikuwa kweli. Kwa miaka yote ile nilikuwa nabeba kiburi changu kile kile, nimekipa tu jina la kanisani. Hata hivyo sikubadilisha. Nilingoja mpaka mkono wa kushoto ukaanza kufa ganzi.

Mwaka jana binti yangu Neema alinipeleka Arusha kwa fundi mmoja anayetengeneza na kuuza matarumbeta yaliyotumika. Kulikuwa na besi tatu. Fundi aliniambia nisitazame kung'aa. Nikae kama ninavyokaa kanisani, miguu imetua chini yote miwili, nione kama sehemu ya kupulizia inanifikia yenyewe bila mimi kuinama kuifuata. Nipulize mstari mrefu, nihesabu pumzi. Kisha nisimame nayo nizunguke chumba. Ya kwanza ilinivuta bega. Ya pili ilikuwa nyepesi, lakini pistoni zake, vile vitufe vya kubonyeza, zilikuwa ngumu kwa vidole vyangu. Ya tatu ilikaa mapajani kana kwamba ilinijua. Nilipuliza mstari mzima. Neema akapiga makofi.

Nikalia pale, mbele ya fundi. Neema alidhani ni furaha. Nilikuwa nimejua mwili wa Mzee Tluway ulivyohisi Jumamosi ile, pale kwenye benchi la mbele. Nilikuwa nimejua hasa ni kitu gani nilichomchukulia.

Niliichagua ile ya tatu. Nayo ipo ndani, unaweza kuiona. Lakini nimechelewa. Mkono wa ganzi haukurudi sawasawa, vidole vinagonga pistoni nusu sekunde nyuma ya wimbo. Nina nyimbo mbili kifuani, wa tatu sina. Na bendi tumebaki wanne, na wawili kati yetu hawasikii vizuri. Alhamisi nakwenda mazoezini, nafungua kanisa, naketi. Mara nyingine hakuna anayekuja. Napuliza mistari ya chini peke yangu, nyimbo ambazo hazina sauti ya juu, na mtu akipita nje hawezi kujua ni wimbo gani. Anna huniuliza nikirudi kama walikuja, nami humwambia walikuja.

Nimekueleza yote, na sikukuficha baya. Sasa nisikilize, maana hili ndilo ninaloweza kukuachia.

Mzee akikuomba kilicho chepesi, mpe. Awe anaomba kiti kilicho karibu na mlango, au jembe lenye mpini mfupi, au zamu isiyo ya kupanda mlima, au besi ndogo, mpe siku hiyo hiyo, na usimtake akueleze sababu. Pengine anayo sababu ambayo hawezi kuisema. Usimwambie "tutaona" kama huna nia ya kuona. Usimwaibishe ili wenzako wacheke. Na ukiwa umeinua mkono kuongoza, na mtu ameanguka mbele yako, ushushe. Wimbo unaweza kusubiri.

Nawe miaka yako itakapofika, usiwe kama mimi. Utakapoona pumzi haifiki mwisho wa mstari, badilisha mapema, ungali na vidole, ungali na wenzako wa kupiga nao. Kubeba kizito hakumrudishii yeyote ulichomnyang'anya.

Mungu akupe kifua kinachotosha nyimbo zako zote. Akujalie wenzako wasikuache peke yako kanisani Alhamisi. Na siku utakapoomba kitu kidogo, mwanangu, akuwekee mbele yako mtu atakayekusikia mara ya kwanza.